Meno ya kahawia: Je, vinia za kauri ni dawa?

Kila tunapozungumzia afya ya kinywa redioni, maswali ya wasikilizaji huishia mahali pamoja. Tunaanza na kupiga mswaki, tunapita kwenye meno yaliyotoboka, halafu mtu mmoja wa Arumeru, au Hai, au Hanang, au ng'ambo ya mpaka huko Nakuru, anauliza: "Na sisi wenye meno ya kahawia?" Siku hizi swali hilo lina nyongeza. Watu wameona kwenye simu zao picha za kabla na baada, meno yaliyokuwa na madoa yamekuwa meupe kama maziwa, na wamelisikia jina la kitu chenyewe: vinia. Wanataka kujua kama ni kweli, ni bei gani, na zinadumu muda gani.

Jibu fupi ni kwamba ni kweli. Vinia za kauri zinaweza kuyafunika meno ya kahawia, na zikifanywa vizuri hukaa miaka mingi. Lakini kwa meno yaliyobadilishwa rangi na maji ya kwetu, kazi hii ina ugumu wake ambao matangazo hayausemi, na karibu kila mara ipo hatua nyingine ya kujaribu kwanza. Makala hii tumemwandikia mtu anayedunduliza fedha, au aliyekwisha kupewa tarehe ya kwenda kuchongwa meno.

Hatumbezi anayetaka meno meupe. Tunawafahamu vijana wanaofunika mdomo kwa kiganja wakicheka, wanaokataa kupigwa picha harusini, wanaoogopa usaili wa kazi ya hoteli kwa sababu ya meno tu. Hilo si jambo dogo, na mtu ana haki ya kulitafutia ufumbuzi.

Rangi hiyo imetoka wapi

Meno ya kahawia ya ukanda wetu hayatokani na uchafu. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si alama ya kabila fulani. Yanatokana na madini ya floridi yaliyozidi katika maji na chakula wakati jino linatengenezwa. Miamba ya volkano iliyozunguka Mlima Meru, Kilimanjaro na Bonde la Ufa ina floridi kwa wingi. Maji yanapopita humo chini ya ardhi huiyeyusha na kuibeba hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine, na vipo visima vya Arumeru vilivyopimwa vikakutwa vimepita hata hapo.

Wapo wanaodhani, kwa sababu ya jina la kata ya Maji ya Chai, kwamba ni rangi ya maji inayopaka meno. Sivyo. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa na floridi nyingi, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni wakati wenyewe. Meno ya mbele ya ukubwani hutengenezwa yakiwa bado ndani ya taya, kuanzia miezi michache baada ya mtoto kuzaliwa hadi karibu na umri wa miaka 5. Yanachomoza akiwa na miaka 6 hadi 8. Kwa hiyo mama anaona madoa mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili, ilhali kilichoyaleta ni maji na uji wa miaka kadhaa nyuma. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na meno tofauti, kama mmoja alilelewa kwa bibi yake katika kijiji kingine hadi umri wa kuanza shule. Na ndiyo maana mtu mzima akihamia Arusha kutoka Tanga hapati madoa haya, hata akinywa maji yale yale kwa miaka.

Floridi iliyozidi hulifanya tabaka gumu la nje la jino, linaloitwa enameli, liwe na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jino huchomoza likiwa na weupe wa chaki, wenye mistari au mawingu. Baadaye vile vitundu hunyonya rangi ya chai na vyakula, na jino linageuka manjano, kisha kahawia. Palipoathirika zaidi, enameli humeguka na kuacha mashimo madogo juu ya jino.

Kuna watu walioonyeshwa vidole shuleni kwa ajili ya meno haya wakaambiwa ni laana ya ukoo. Hao tunawapa kisa hiki: mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alihamia Colorado Springs, Marekani, akawakuta wenyeji wa huko wana meno ya kahawia yasiyosafishika. Alihangaika na fumbo hilo miaka 30. Mwaka 1931 ndipo wanakemia walipogundua kuwa ni floridi ya kwenye maji. Ukoo haukuhusika.

Vinia ni kitu gani

Vinia ni kigae chembamba cha kauri kinachobandikwa upande wa mbele wa jino, kama ukucha wa bandia unavyobandikwa juu ya kidole. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.3 na 0.7, na huo hasa ndio unene wa ukucha. Kila jino hutengenezewa kigae chake, kwa vipimo vya mtu mwenyewe.

Asili yake ni sinema. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Charles Pincus wa California aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood vigae vya kuvaa wakati wa kupiga picha tu. Vilishikizwa kwa unga wa kubandikia meno ya bandia, na kazi ikiisha vinavuliwa. Kubandika moja kwa moja kulikuja baadaye, baada ya Michael Buonocore kuonyesha mwaka 1955 kwamba enameli ikipakwa asidi kwa muda mfupi huwa na mikwaruzo midogo ambayo gundi inaishika vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaonekana kwamba kauri nayo inaweza kukwaruzwa hivyo hivyo kwa asidi kali, ambayo kwa bahati ya ajabu ni asidi ya floridi. Tangu hapo kigae na jino vikaweza kushikana kweli.

Kumbuka neno hilo enameli, kwa sababu ndiyo inayoamua kama vinia itakaa. Gundi hushika imara kwenye enameli. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, ina unyevu, na ina njia ndogo zinazoelekea kwenye mshipa wa fahamu wa jino. Gundi hushika dentini kwa udhaifu zaidi, na jino lililochongwa hadi huko huanza kusisimka kwa maji ya baridi na chai ya moto.

Rangi ikiwa nzito, jino huchongwa zaidi

Hapa ndipo meno ya kwetu yanapotofautiana na yale ya kwenye matangazo. Mtu ambaye meno yake ni meupe ila yamepishana kidogo anaweza kuwekewa kigae chembamba sana, pengine bila kuchongwa kabisa. Lakini kauri nyembamba hupitisha mwanga. Ukiiweka juu ya jino la kahawia, kahawia itaonekana kwa nyuma, na jino litakuwa la kijivu kama maiti. Tunaomba radhi kwa mfano huo, lakini ndivyo linavyoonekana.

Ili kuificha rangi nzito, kigae lazima kiwe kinene na kisichopitisha mwanga. Kigae kinene kinahitaji nafasi, na nafasi hiyo inapatikana kwa kuchonga jino, la sivyo mtu atatoka na meno yaliyotokeza nje. Enameli ya upande wa mbele wa meno ya mbele ni kama milimita moja tu mahali ilipo nene, na karibu na ufizi hupungua hadi nusu ya hapo au chini yake. Ukichonga zaidi ya hapo, umefika kwenye dentini.

Kuna la pili. Enameli iliyoshiba floridi haikubali asidi kwa urahisi. Ile asidi inayotakiwa kuikwaruza ili gundi ishike hufanya kazi polepole zaidi juu yake, na kwa meno yaliyoathirika sana gundi hushika kwa nguvu ndogo kuliko kwenye meno ya kawaida. Daktari anayewajua wagonjwa wa ukanda huu hulifahamu hilo: huiondoa kwanza ngozi ya juu ya enameli, au huiacha asidi kwa muda mrefu kidogo. Daktari aliyejifunza kwa meno ya watu wa mahali pengine anaweza asifanye hivyo, na baada ya miezi michache vigae vikaanza kubanduka kimoja kimoja.

Basi mtu mwenye meno ya kahawia sana yuko kwenye mtego wa pande mbili. Anahitaji kuchongwa zaidi, na gundi inamshikia kidogo zaidi. Kwa maoni yetu, hii ndiyo sababu kubwa ya kutokimbilia vinia kama hatua ya kwanza.

Cha kujaribu kabla ya kuchonga

Mara nyingi madoa ya kahawia yamekaa kwenye ngozi ya juu kabisa ya enameli. Daktari wa meno anaweza kuisugua ngozi hiyo kwa mchanganyiko wa asidi hafifu na unga wa kukwangulia. Kwanza hufunika fizi kwa shuka dogo la mpira, kisha husugua kwa sekunde chache, huosha, huangalia, na kurudia. Kinachoondoka ni sehemu ndogo sana ya milimita, kidogo mno kuliko kinachochongwa kwa ajili ya vinia. Kwa madoa mepesi na ya wastani, ziara moja au mbili zinaweza kuleta tofauti ambayo mtu hakuitegemea. Haihitaji maabara wala kauri ya kuagizwa.

Tunasisitiza kwamba asidi hiyo hupimwa na kushikwa na daktari. Tumesikia watu wanaotumia tindikali ya betri, msasa, limau na chumvi, au mkaa uliosagwa. Tindikali ya betri inaunguza fizi na kuyeyusha jino. Msasa na mkaa hukwangua enameli bila mpaka. Limau likipakwa kila siku huidhoofisha enameli ile ile tunayotaka kuitunza.

Baada ya kusugua, daktari anaweza kupendekeza dawa ya kung'arisha. Hii mara nyingi ni jeli inayowekwa ndani ya kifuniko laini kilichotengenezwa kwa umbo la meno yako, na huvaliwa usiku kwa wiki kadhaa. Hupunguza kahawia na manjano. Usishtuke siku za mwanzo, kwani mawingu meupe huweza kuonekana meupe zaidi kabla ya rangi kusawazika. Meno pia yanaweza kusisimka kwa muda.

Palipo na mashimo, hizo mbili hazitoshi. Hapo kuna ile dawa nyeupe ya kuzibia meno, inayopakwa kwa tabaka na kukaushwa kwa taa ya bluu. Daktari mwenye mkono mzuri anaweza kuifunika nayo sura nzima ya jino katika siku moja, kwa kuchonga kidogo sana au bila kuchonga. Haidumu kama kauri. Hunyonya rangi ya chai, humeguka, na baada ya miaka kadhaa huhitaji kukarabatiwa. Lakini inakarabatika, na ni nafuu zaidi. Kwa mtu anayeishi mbali na mji mkubwa, jambo la kukarabatika lina uzito.

Na hata kama mwisho wa safari ni vinia, hatua hizi hazijapotea bure. Jino likishapunguzwa rangi, kigae kinaweza kuwa chembamba zaidi, na kuchonga kukapungua.

Siku za kazi yenyewe

Daktari mwangalifu hachongi siku ya kwanza. Siku hiyo anaangalia kinywa chote, anapiga eksirei, anasafisha, na kama kuna jino lililotoboka au fizi zinazotoka damu, anatibu hizo kwanza. Anapiga picha na kuchukua umbo la meno. Wengine hukujaribisha sura mpya kwa dawa ya muda inayobandikwa juu ya meno kabla hayajaguswa, ili uione kwenye kioo na uwaonyeshe wa nyumbani. Ukipewa nafasi hiyo, itumie. Huo ndio wakati wa kusema meno ni marefu mno au meupe mno, maana rangi ya kauri ikishachomwa haibadiliki tena kwa dawa ya kung'arisha.

Siku ya kuchonga unapigwa sindano ya ganzi. Daktari anapunguza upande wa mbele wa kila jino, anachukua umbo tena, na kukuwekea vifuniko vya muda. Kazi inakwenda kwa fundi wa maabara, na huchukua wiki moja, mbili, au zaidi kama maabara iko mbali. Ukirudi, vigae vinajaribiwa bila gundi kwanza. Vikikubalika, jino linapakwa asidi, linaoshwa, linapakwa gundi, kigae kinakaa mahali pake, na taa ya bluu inaigandisha gundi. Mwisho unang'ata karatasi ya rangi ili daktari aone kama kuna mahali meno yanagongana kwa nguvu.

Wapo ambao hawafai kwa kazi hii, angalau kwa sasa. Vijana chini ya miaka 18 ni wa kwanza, kwa sababu ndani ya jino changa mshipa wa fahamu bado ni mpana na uko karibu na uso wa jino. Anayesaga meno usingizini huvunja vigae. Mwenye ugonjwa wa fizi atibiwe kwanza. Mama mjamzito anaweza kusubiri hadi ajifungue, kwani hii si kazi ya dharura.

Bei, na maisha baada ya hapo

Bei hutofautiana sana kati ya kliniki na kliniki, lakini kwa kauri kila jino huhesabiwa peke yake, na kwa kawaida jino moja hufika laki kadhaa za shilingi za Tanzania. Anayetabasamu huonyesha meno sita hadi kumi ya juu. Mfugaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: meno sita yanaweza kupita bei ya ng'ombe mmoja. Bima za afya kwa kawaida hazilipii kazi inayohesabiwa kuwa ya urembo. Hilo uliza kabla, usije ukaambiwa ukiwa kitini.

Kisha ongeza nauli. Kuna ziara tatu au nne za mwanzo, na baada ya hapo kila miezi sita au mwaka mtu anatakiwa kukaguliwa. Vinia zilizofanywa vizuri nyingi huvuka miaka 10, na baadhi hufika 15 au zaidi. Kijana wa miaka 25 atakuwa na miaka 40 wakati kigae kinapotakiwa kubadilishwa. Hana njia ya kurudi nyuma, kwa sababu jino lililochongwa halioti enameli nyingine. Kwa hiyo bei unayoambiwa leo ni ya mara ya kwanza tu.

Kauri ni ngumu, lakini hupasuka kama kikombe. Tunasema haya kwa sababu tunajua tunavyokula. Muwa wa kumenya kwa meno, mfupa wa nyama choma, mahindi makavu ya kukaanga na kifuniko cha soda vyote vinaweza kuibandua au kuivunja. Kigae kikitoka kizima, kiweke kwenye kikopo safi na urudi kwa daktari. Usikibandike mwenyewe kwa gundi ya dukani, kwa sababu gundi ile huharibu sehemu ya kubandikia, na kigae ambacho kingerudishwa kinakuwa cha kutupa. Vinginevyo, usafi ni ule ule: mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floridi. Ndiyo, yenye floridi. Kwa mtu mzima dawa ya meno haileti madoa haya, na huyalinda meno pale kigae kinapokutana na ufizi, mahali ambapo jino linaweza kuanza kutoboka kimyakimya.

Wanaotangaza kwenye simu

Katika simu utakutana na vitu vitatu vyenye jina moja. Cha kwanza ni vinia tulizozieleza. Cha pili ni meno ya plastiki ya kuvalisha juu ya meno yako, yanayouzwa kwa kuletewa mlangoni. Hayo ni mapambo ya kuvua. Ukiyaacha mdomoni siku nzima huhifadhi mabaki ya chakula, na chini yake meno huoza.

Cha tatu ndicho cha hatari zaidi. Ni zile video za watu wanaotoka Uingereza na kwingineko kwenda Uturuki kwa bei nafuu, wakionyesha meno yao yamechongwa yakabaki vijiti vyenye ncha. Hiyo si vinia hata kama imeitwa hivyo. Ni kofia za kufunika jino zima, na jino limepunguzwa pande zote. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimekuwa kikionya kuhusu safari hizo, kwa sababu meno mengi yaliyochongwa hivyo huhitaji kutibiwa mshipa au kung'olewa baadaye. Ukiambiwa utawekewa vinia, uliza neno kwa neno: mtachonga mbele tu, au kuzunguka jino lote? Na mtachonga kiasi gani?

Muulize pia daktari amefanya meno mangapi ya watu wenye madoa ya floridi, na omba kuona picha zao baada ya mwaka mmoja au miwili, si za siku ile ile. Uliza kigae kikibanduka ndani ya mwaka nani atalipa. Tanzania Bara, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kuna baraza la madaktari na madaktari wa meno. Una haki ya kuuliza usajili. Mpamba kucha wa saluni hana usajili huo, hata awe na taa ya bluu.

Mtoto aliye nyumbani

Mara nyingi anayeuliza kuhusu vinia ana mtoto mdogo mgongoni, na meno ya mtoto huyo yanatengenezwa wiki hii.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, na kilichobaki sufuriani kinakuwa na floridi nyingi zaidi kwa kila kikombe. Dawa ya klorini na mtungi wa kuchujia vinaua au kuzuia vijidudu, lakini floridi hupita. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Mabati, mifereji na tenki, hata tenki dogo linalotosha maji ya kunywa na ya uji wa mtoto pekee, vinaweza kubadilisha meno yake. Maziwa ya mama nayo yana floridi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji ya kisima kile kile.

Kuna pia chujio la mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto lililodhibitiwa, husagwa kuwa chengachenga, na hunasa floridi maji yanapopita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimekuwa kikitengeneza machujio hayo, na Nakuru Jimbo Katoliki limefanya kazi kama hiyo. Wanaojali mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje wana haki ya kuuliza. Chengachenga hizo huchoka, na ulimi hauwezi kukuambia zimechoka. Ni lazima maji yapimwe tena baada ya muda.

Usisahau magadi. Wapo wanaokunywa maji mazuri ya mlimani na bado watoto wao wana madoa, na watafiti wa Tanzania wamekuta magadi ya kuivishia maharage na makande yakihusika, kwa kuwa magadi mengi ya ukanda huu yana floridi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi, na kuni zitapungua. Mahali penye floridi nyingi sana si meno tu yanayoumia: kuna watoto walioota matege, na wazee waliokakamaa viungo kwa sababu ya maji hayo hayo.

Kama hujui kisima chenu kina kiasi gani, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo. Isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, ijaze, ifunge, uandike jina la kisima, kijiji na tarehe. Tanzania ipeleke ofisi ya RUWASA ya wilaya, au uulize ilipo maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu. Kenya anzia ofisi ya maji ya kaunti. Omba wapime floridi kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiionyeshi, na uombe namba yenyewe iliyoandikwa kwenye karatasi.